Majibu Alipewa Baba Mkwe

"Majibu tulitoa," daktari aliniambia. Alikuwa anakunja mikono ya koti lake jeupe, kama anavyofanya kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ya altrasaundi. "Tena nilieleza vizuri kabisa. Baba mkwe wake alikaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Jana yake nilikuwa nimemzika mdogo wangu. Mgongoni nilikuwa nimembeba mtoto wangu, kifuani nilikuwa nimempakata mtoto wake, na maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu mpaka kiunoni. Nikamwuliza, "Na Tumpe?"

"Tumpe nani?"

"Mgonjwa. Mwenye tumbo."

"Huyo alikuwa nje, mlango wa nyuma," akasema. "Sekela, wewe si mgeni. Taratibu za hapa unazijua."

Nilikuwa nazijua, na hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Wanaosema nilivunja mashine wanasema uongo, mashine ile inapiga picha mpaka leo. Nilichokifanya ni kutoa koti langu la kazi kwenye msumari nyuma ya mlango, lilipokuwa limening'inia tangu nilipokwenda kujifungua, nikalitandika juu ya kioo cha mashine kama mtu anavyofunika maiti uso, nikatoka kwa mlango wa mbele. Hiyo ndiyo siku niliyostaafu. Watu wa mashamba ya chai wakistaafu hupewa bati au cherehani na kushikwa mkono na meneja. Mimi nilistaafu kabla sijafika miaka thelathini, nikaondoka na watoto wawili wa kunyonya.

Ninyi mabinti wawili mlioajiriwa baada yangu mlikuja mpaka Ibighi kuniuliza kazi ile inafanywaje. Niliwajibu vibaya, mtoto alikuwa na homa. Sasa watoto wote wamelala, nawaandikia. Ya mshahara sitayaandika kwa sababu hata nyie mnaupokea na mnajua hakuna cha kusimulia. Nitaandika ya kazi.

Niliingia pale nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kunitosha kupiga deki. Ilikuwa miaka ile ruhusa ya hospitali za watu binafsi imetoka, na kila mganga aliyechoka na serikali anatafuta chumba cha kupanga. Daktari wetu alipanga nyumba Bagamoyo, si ule mji wa pwani, ni mtaa wa maduka wa hapa Tukuyu, akaweka kibao, na baadaye akaleta altrasaundi. Zama zile tulikuwa tunavaa mitumba na tunaendesha baiskeli za mtumba, na mashine yenyewe ilikuwa mtumba. Ilikuwa imeandikwa maneno ya lugha ambayo hata yeye hakuijua. Vitufe alivijifunza kwa kubonyeza.

Siku yangu ya kwanza mvua ilikuwa ya Tukuyu hasa, ile isiyonyesha kwa hasira lakini haikatiki. Daktari alinionyesha chupa ya jeli akasema, "Unampaka tumboni." Nikampaka mama wa kwanza. Akaruka kitandani kama kamwagiwa maji ya mtoni, akaniambia kwa Kinyakyusa neno ambalo siliandiki. Aliyenitetea ni Mama Gwantwa, nesi mzee aliyestaafu serikalini na kuja kumalizia nguvu zake kwetu.

"Msamehe, mwanangu," alimwambia yule mama. "Huyu hajazaa, anafikiri tumbo ni sakafu."

Kisha akanifundisha. Jambo la kwanza la kazi ile si mashine, ni beseni. Asubuhi unachemsha maji kwenye jiko la mkaa, unayatia kwenye beseni, unasimamisha chupa ya jeli humo ndani ipate joto. Maji yakipoa unabadilisha. Ukisikia mtu anajisifu kwamba anajua kazi ya altrasaundi na hajui beseni, huyo kaona mashine kwenye kalenda. Jambo la pili ni jenereta. Umeme wetu mnaujua. Ukikatika mama akiwa kitandani, funika tumbo lake kwanza ndipo ukimbie nje kuvuta kamba. Mwenzangu mmoja alikimbilia jenereta kwanza, na mwanga uliporudi mlango ulikuwa wazi na benchi zima linaangalia tumbo la mke wa mwinjilisti.

La tatu ni kufuta, na hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililoniondoa.

Zahanati ina milango miwili, mnaijua. Wa mbele unaingilia kwenye benchi la kusubiria. Wa nyuma unatokea uani, penye pipa la maji ya mvua. Wageni hudhani mlango wa nyuma ni wa wafanyakazi. Ule mlango ni wa wakamwana. Kwetu mke wa mtoto hamwoni baba mkwe uso kwa uso. Akisikia anakuja, anaacha njia, anajibanza migombani, anafunika kichwa. Hamtaji jina, hali naye, haketi chumba alichoketi. Wenyewe tunaita kutila. Wasomi wa mjini walikuwa wanasema mambo hayo yamekwisha, lakini wasomi wa mjini hawajawahi kukaa mapokezi. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda machimboni Chunya au kuhangaika Mbeya na Dar, na aliyebaki nyumbani na fedha za ndizi na chai ni mzee. Kwa hiyo anayemleta mwanamke kupima ni baba mkwe. Wanatoka kijijini mmoja mbele, mwingine nyuma kwa umbali wa heshima, wanafika kwetu mmoja mlango wa mbele, mwingine wa nyuma.

Na daktari alikuwa na sheria yake: majibu hupewa aliyemleta mgonjwa. Picha ikishapigwa mwanamke anarudi uani, mzee anaitwa ndani, anakaa kwenye kiti, anaambiwa ni wa kiume au wa kike. Akitoka pale benchi zima linataka kujua.

"Yako imesemaje?" mzee mwenzake anamwuliza.

"Dume."

"Ndaga, hongera. Basi leo utatununulia soda."

"Dume langu, soda zako?"

Wanacheka. Waliopata jibu la kike hawaulizwi mara mbili, unawajua kwa namna wanavyotafuta mwavuli. Na mwanamke mwenyewe, aliyebeba, yuko nje kwenye mchirizi wa bati hajui kitu. Atajua jioni, kwa namna atakavyopakuliwa chakula.

Sikatai watu kujua mtoto ni wa jinsia gani. Nimeona furaha zake pia. Nimemwona mama kutoka kwenye kambi za wachuma chai, wavulana wanne nyumbani, anaambiwa anakuja msichana, anaziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika kwa kicheko. Lakini yule aliambiwa na Mama Gwantwa.

Mama Gwantwa alikuwa na namna yake. Picha ikiisha, daktari anakwenda kunawa na kumwita mzee. Hapo katikati kuna muda mdogo wa kufuta jeli tumboni. Alikuwa anachukua kipande cha kanga kuukuu, anafuta polepole kutoka mbavuni kwenda kitovuni, ameinama, na wakati huo huo anamnong'oneza mama kila kitu mashine ilichosema. Mtoto amelalaje. Kondo la nyuma limekaa wapi. Maji yanatosha au hayatoshi. Mwishoni kabisa, kama mtu anayetoa peremende, ni wa kike au wa kiume. Mama anafunga nguo yake, anatoka uani akiwa anajijua. Mzee anaingia kuambiwa kilekile kilichokwisha kusemwa.

"Futa polepole," alinifundisha. "Ukimaliza kufuta hujamwambia, umemwibia."

"Na daktari akijua?"

"Daktari anajua kubonyeza. Asijue na haya."

Ilikwenda hivyo miaka mingi bila tabu, mpaka mzee mmoja wa hapa hapa mjini alipotoka na majibu yake, akapita kona ya nyumba, akamsikia mkamwana wake uani anacheka na mwenzake na kusema "wangu wa kiume." Mzee akarudi ndani amevimba.

"Mimi ndiye niliyemleta," alimwambia daktari. "Habari ya ukoo wangu inaanzia uani?"

Daktari alitaka wateja. Akatuita mimi na Mama Gwantwa akasema kuanzia siku hiyo mfutaji afute, asifungue kinywa. Majibu yana mwenyewe. Mama Gwantwa alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga yake, akaiweka kwenye mkoba. Alisema amefuta matumbo kabla daktari hajajua kufuta makamasi yake, na kwamba migomba yake nyumbani inahitaji palizi. Hakurudi tena.

Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nahitaji kazi, lakini kunyamaza sikunyamaza. Nilijifunza kusema bila kusogeza midomo. Kama mnataka kujua siri ya kazi ile, ndiyo hiyo.

Kisha nikabeba mimba yangu. Mume wangu Lusajo ni fundi baiskeli hapa Ibighi, na hana makuu. Nilijipima mwenyewe daktari akiwa amekwenda kula, nikaona nilichoona, nikazima mashine. Mama mkwe wangu akaniuliza, "Mashine inasemaje?"

"Inasema mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mwenye kichwa."

Alininunia wiki nzima, kisha akaanza kuwachekesha majirani kwa maneno hayo hayo kama ni yake. Nikajifungua wa kiume, nikakaa nyumbani kama taratibu zinavyotaka. Nafasi yangu pale hakuwekwa mtu. Daktari alikuwa anapaka jeli mwenyewe, na akimaliza anampa mama kitambaa.

Katika siku hizo ndipo mdogo wangu Tumpe alipopelekwa kupimwa.

Tumpe nilimwachia ziwa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa anachuma chai, na alipoanza shule mimi ndiye niliyemsuka. Aliolewa Matwebe, kwa watu wa ndizi, wenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Mumewe anaitwa Ipyana, alikuwa Chunya anatafuta dhahabu, anarudi Krismasi. Walikuwa na wasichana wawili, na ile ilikuwa mimba ya tatu. Baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, alimleta Bagamoyo mlango wa mbele. Tumpe alikuja mlango wa nyuma.

Siku chache baadaye alikuja kuniona Ibighi. Alikuja na mkungu mdogo wa ndizi na tumbo lake mbele, akakaa kitandani pangu, akamchukua mwanangu na kumnusa shingoni.

"Wa kike tena," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Sufuria. Mama mkwe aliweka sufuria chini mpaka mfuniko ukaenda mlangoni. Nikamwuliza, mama kuna nini? Akasema, mwenzangu unazaa wachumba wa watu tu."

Tulicheka. Nasema ukweli, tulicheka mpaka mtoto akaamka. Akanisimulia alivyosubiri uani, akasikia mzee anakohoa anatoka, akajibanza nyuma ya pipa la maji.

"Na tumbo hili, dada. Nilikuwa kama pipa la pili. Mzee akapita anaangalia mawingu, ili asinione, na mimi naangalia ukuta ili nisimwone. Mtu wa benchi angesema tumeibiana kuku."

"Daktari alikuambia nini?"

"Alinipa kitambaa. Akasema jifute, majibu nampa mzee."

Hapo sikucheka tena. Nikamwuliza mtoto amelalaje. Hajui. Kondo liko juu au chini? Hajui. "Nimeambiwa nijitunze," akasema. "Dada, wangekuwa wameona kitu wangenyamaza?"

Alipoondoka nilimtuma Lusajo kwa daktari akaulize. Mimi nilikuwa na kichanga na mvua ilikuwa haitoki mlangoni. Lusajo alirudi amelowa. "Amesema majibu wamekwisha kupewa wahusika, na kwamba kila kitu kimeelezwa." Nikashusha pumzi. Mtu akisema kila kitu kimeelezwa, unaelewa kwamba kimeelezwa.

Ilianza Jumapili, watu wakiwa kanisani. Tumpe alibaki nyumbani anamenya ndizi, akaona damu. Haikuuma hata kidogo. Aliwahi kuniambia mwenyewe, kwa sababu aliweza kusema mpaka karibu na mwisho: "Dada, haikuuma, ndiyo maana sikuogopa." Mama mkwe aliporudi alimwambia uchungu unakuja, apumzike, mkunga wa kijijini ataitwa. Wala hakusema kwa ubaya. Kwa alivyojua yeye, mimba ilikuwa haina neno. Damu ikakatika, ikaanza tena, safari hii kwa wingi. Walimpandisha kwenye lori lililokuja kupakia ndizi, akalazwa juu ya majani makavu ya migomba. Mimi nilipata habari wakiwa wameshafika hospitali ya wilaya.

Nesi wa pale alikuwa anakimbia huku anauliza maswali. "Huyu hakupigwa altrasaundi?"

Mama mkwe wa Tumpe alikuwa amesimama ukutani, kanga yake imejaa damu isiyo yake. Akajibu, "Alipigwa."

"Walisemaje?"

"Walisema wa kike."

Nesi alisimama kidogo. Alimtazama yule mama, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Kondo lilikuwa limekaa chini, limeziba mlango wa uzazi. Mtu wa namna hiyo hajifungulii nyumbani, na hata tone moja la damu likitoka anakimbizwa, liume lisiume. Hilo huhitaji kuwa daktari kulijua, hata mimi wa beseni nalijua. Walimpasua, wakamtoa mtoto mzima analia. Damu ya kumwongezea walihangaika nayo, Lusajo alitoa, dereva wa lori alitoa. Tumpe aliulizia mtoto, akaonyeshwa. Akasema ana masikio ya mama. Kisha akasema anasikia baridi. Nilimfunika kwa koti langu, nikamfunika na kwa kanga, nikalala nusu mwili juu yake. Hakupata joto.

Tulimzika Matwebe. Ipyana alifika kaburi limekwisha kufukiwa, akakaa kwenye udongo na viatu vyake vya machimboni. Wanawake walikuwa wanampitisha mtoto mikono kwa mikono na hakuna mwenye maziwa. Nikamchukua. Wa kwangu alikuwa ameshiba, wa Tumpe akashika kama aliyekuwa ananisubiri. Sikumwomba mtu ruhusa.

Yaliyofuata mmeyasoma mwanzo. Kesho yake nilikwenda Bagamoyo kuuliza, kwa sababu bado nilikuwa naamini mashine haikuona. Kumbe iliona, na daktari alisema, akamwambia mzee kila kitu: kondo liko chini, asizalie nyumbani, mwezi wa mwisho akae karibu na hospitali. Majibu tulitoa.

Nilipotoka pale nikarudi Matwebe moja kwa moja. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa nyuma ya nyumba peke yake kwenye gogo, koti amejifunika kichwani ingawa mvua ilikuwa imekatika. Mimi si mkwe wake, naruhusiwa kumtazama, na nilimtazama. Tulisema kwa Kinyakyusa, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Taata, daktari alikuambia nini siku ile?"

Alivuta koti mbele zaidi. "Aliniambia mambo ya ndani," akasema.

"Mambo gani?"

"Unataka niyataje?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, alinitajia mlango wa uzazi wa mke wa mwanangu. Mimi. Mtu ambaye sijui hata rangi ya macho yake, kwa sababu kwa miaka yote hii sijamtazama. Nilitaka kuziba masikio. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitaanzaje kuyatoa haya kinywani."

"Nyumbani ulimwambia mama mkwe wake nini?"

"Nilimwambia ni wa kike."

"Na mengine?"

"Nikamwambia daktari kasema ajitunze."

Nilitaka kumpiga. Lakini alitoa koti kichwani, nikaona uso wa mtu ambaye hajalala tangu Jumapili, na akasema, "Kama wangemwambia mwenyewe, mimi ningewazuia? Nani alisema nizuie? Nilimleta apimwe kwa sababu sikutaka afe."

Basi sikuwa na wa kumpiga. Nilikaa kwenye lile gogo, nikanyonyesha mbele yake, na yeye kwa heshima akageukia migomba.

Nimewaza sana tangu siku ile. Neno "wa kike" ni jepesi. Hata mzee mwenye aibu zake zote analibeba kutoka mjini mpaka Matwebe lisimwagike. Lakini "kondo limeziba mlango" lina uzito, na sisi tulimtwika mtu ambaye mila imemfunga mikono. Tulimtwika tukijua. Milango miwili ile tuliigawa wenyewe, tukawa tunajua ni nani yuko upande gani na kwa nini.

Nikaamua kuandika barua ya malalamiko wilayani, wanawake wakanishauri niache. Mama mkwe wangu alisema barua haifufui. Lusajo alisema niandike, lakini niandike kwa adabu. Mchungaji alisema nisamehe, nikamwambia nitasamehe nikishaandika. Nikaipeleka kwa mkono, watoto wote wawili nimewabeba, na karani wa ofisi ya wilaya akaniuliza kama kuna mwanamume niliyefuatana naye. Nikamwambia apige mhuri. Akapiga. Nakala yake ni hii, nanyi muisome mkiwa mmekaa karibu na beseni lenu:

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Rungwe.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ZAHANATI KUTOMPA MGONJWA MAJIBU YAKE

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni dada wa marehemu Tumpe wa Matwebe. Pia nilikuwa mfanyakazi wa zahanati ninayoilalamikia, iliyoko mtaa wa Bagamoyo, kwa hiyo taratibu ninazozieleza nimeziona kwa macho yangu.

Marehemu alipimwa kwa altrasaundi akiwa mjamzito. Ilionekana kwamba kondo limekaa chini. Hakuambiwa. Alipewa kitambaa cha kujifutia akatolewa nje, na maelezo yote akapewa baba mkwe wake, ambaye kwa mila zetu hazungumzi na mkamwana, na mganga aliyempa maelezo hayo ni mtu wa hapa hapa na mila hizo anazijua. Mume wangu alipotumwa kuuliza alijibiwa kwamba wahusika wamekwisha kupewa majibu. Marehemu alifariki kwa kutokwa damu, ambayo hakujua kwamba ni ya kukimbilia hospitali.

Simlalamikii baba mkwe. Siombi fidia, na siombi zahanati ifungwe, kwa sababu wanawake wanaihitaji. Naomba iamriwe, kwa maandishi yatakayobandikwa ukutani, kwamba mwanamke aliyepimwa aambiwe yeye kwanza, akiwa kitandani, kwa lugha anayoielewa, hali yake na ya mtoto wake. Jinsia ya mtoto aambiwe yeye pia, na akitaka kuwaeleza ndugu atawaeleza mwenyewe. Asiyetaka kulitekeleza hilo asimguse mwanamke tumbo.

Naomba pia majibu ya barua hii nipewe mimi mwenyewe, mkononi mwangu. Asipewe mume wangu, wala baba mkwe wangu, wala mtu mwingine yeyote aliye tayari kunifikishia.

Sekela,
Ibighi, Tukuyu.